Tangi la Baba, Kombe la Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Chato kumtazama binamu yangu mgonjwa, nikateremka hadi mwaloni, wanakoshushia samaki, kutafuta sato. Sikununua sato. Nilimkuta mama mmoja ameloweka muhogo ndani ya tangi kuukuu la bati, lililokatwa ubavu likawa kama hori la ng'ombe. Akainama, akafungua kibilula kidogo cha shaba kilichokaa chini kabisa pembeni, na maji yote meupe ya muhogo yakatoka bila yeye kuliinua tangi. "Aliyelitengeneza hili alikuwa na akili," akaniambia. "Tazama, halibakizi hata tone." Nikamjibu kwamba ni kweli, nikaomba kigoda, nikakaa. Ile lehemu ya mistari miwili miwili kwenye kila kiungio naijua kama ninavyoujua mwandiko wangu, na kile kibilula najua kiliwekwa kwa ajili ya nani.

Ngoja nikusimulie, maana wewe ni mtu wangu. Ukitaka kucheka, subiri mpaka mwisho, ndipo uone kama bado unataka.

Chato ya utoto wangu haikuwa mji. Ilikuwa mwalo, maduka machache, msikiti wa ukuta wa udongo, na harufu mbili zilizogombana mchana kutwa, ya dagaa wanaokauka na ya mafuta ya taa. Baba yangu alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, vikopo, mabakuli, na kuziba kila kilichovuja kutoka pale hadi Biharamulo. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuja zamani kutoka Ujiji akiwa mke wa mfanyabiashara wa chumvi, na huyo babu sikumwahi, kwa sababu ziwa lilimchukua siku moja yenye jua zuri. Tangu hapo bibi hakupanda chombo chochote. Hata miguu alioshea nyumbani, kwa maji ya mtungi. Mama yangu alikuwa Msukuma wa Shinyanga, kwao Ngokolo, na siku nyumba yetu ilipokuwa na furaha ilinukia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoichemsha na karanga.

Mwaka ninaousema, furaha ilikuwa imekonda. Mama alikuwa na mimba kubwa. Wawili kabla ya huyo alikuwa amewazika, na wote walikufa wakati wa kuzaliwa. Mkunga wetu alimpapasa tumbo asubuhi moja, akapapasa tena, akanawa mikono kabla ya kusema. "Mtoto amekingama. Huyu hatoki kwa mikono yangu. Mpelekeni Mwanza, hospitali, kabla uchungu haujaanza." Aliposema hivyo mimi nilikuwa natwanga mtama nje, na nilisikia kila neno. Niliendelea kutwanga kwa sababu sikujua ningefanya nini kingine.

Kufika Mwanza kulikuwa shida. Masika yalikuwa yamekata barabara, malori yamelala kwenye matope upande wa Geita, na mgonjwa kama mama asingeweza kubebwa kwenye machela siku zote hizo. Njia iliyobaki ilikuwa ziwa. Pale mwaloni palikuwa na motaboti moja tu, mali ya Mhindi mwenye duka kubwa. Dhahabu ya Geita ilikuwa bado habari mpya miaka hiyo, na boti lile lilipeleka unga, mablanketi na sururu hadi Nungwe, kutoka hapo vitu vikapanda mgodini. Lakini tangi lake lilikuwa dogo. Lilitosha kwenda Nungwe na kurudi, basi. Mafuta yaliyokuwa Nungwe yalikuwa ya mgodi, na mtu wa nje hakupewa hata ya kuwashia kibatari. Waliwahi kujaribu kubeba madebe ya mafuta na kumimina njiani, wimbi likapiga, mafuta yakamwagikia mashine ya moto. Nahodha alibaki na kovu la mkono mzima. Alikuwa Msukuma mnene asiyependa maneno, na kovu lile alilionyesha badala ya kusimulia.

Mwenye duka alikuwa akitamani tangi la pili kwa muda mrefu, ili boti lake lifike Mwanza kwa mkupuo mmoja. Baba alikwenda kwake akasimama mlangoni, hakuketi. Mwenye duka alimsikiliza, akasema maneno ambayo baba aliyarudia nyumbani mara nyingi, kama mtu anayehesabu tasbihi: "Fundi, nifanyie tangi, na safari yake ya kwanza itakuwa ya mkeo."

Basi ikaanza kazi ambayo sijaona nyingine mfano wake. Baba hakutaka madebe yaliyounganishwa. Alisema mishono ya debe ni ya kiwandani, haijui ziwa. Alichukua bati jipya, akalipima kwa kamba, akalipima tena kwa fimbo, akalikata. Mimi ndiye niliyevuta mivukuto. Chuma cha kulehemu kilipokuwa chekundu kiasi alichotaka alisema "Haya," na kilipopita kiasi alisema "Umeniua," na sikuthubutu kucheka. Ndani ya tangi alisimamisha vipande viwili vya bati vyenye matundu, ili mafuta yasikimbilie upande mmoja boti likiyumba. Kila kiungio alikipitishia lehemu mara mbili. "Fundi hana bahati," alikuwa akisema, "ana kipimo." Mama alilala ubavu barazani akitutazama, mkono juu ya tumbo, na kila alipoguna sote wawili tuliacha kazi tukageuka.  

Tangi lilipokwisha, baba alilizamisha ziwani akapuliza kwenye shingo yake, huku mimi nikipakaza maji ya sabuni kila mahali nikitafuta povu. Hapakuwa na povu. Hapo ndipo ilipokuja kazi iliyonihusu mimi peke yangu. Mkono wa baba haukupita kwenye shingo ya tangi. Wangu ulipita, na ulikuwa mwembamba kama mche wa mtama. Niliingiza tambara kavu nikapangusa pande zote, nikalitoa, nikaingiza jingine. Kisha tangi likaachwa juani siku mbili mdomo wazi, nikapangusa tena. Baba alituita wote, bibi na mama na mimi, akasema polepole kama anayefundisha watoto wa chuo cha Kurani: "Mashine inakunywa mafuta. Maji haiyajui. Tone moja la maji likiingia humu, tutasimama katikati ya ziwa. Hata tone." Bibi aliitikia kwa kichwa pamoja nasi.

Siku ya Alhamisi tangi lilifungwa kwenye boti, mbele karibu na nanga, juu ya mbao mbili, kwa kamba nne. Bomba la shaba lilitoka chini yake hadi kwenye mashine, likiwa na bilula la njia mbili: ukiligeuza huku, mashine inakunywa tangi la zamani, ukiligeuza kule, inakunywa jipya. Likajazwa. Safari ikapangwa Jumamosi alfajiri.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, bibi aliniita jikoni. Alikuwa na sahani nyeupe aliyoandikiwa na mwalimu wa chuo, maandishi ya zafarani yaliyozunguka kama konokono, aya za Mungu. Alikuwa amemwambia ni ya mgonjwa. Aliyaosha maandishi kwa maji na marashi kidogo, sahani ikabaki tupu na maji yakawa ya manjano. Hilo ndilo kombe. Nusu kikombe alimpa mama akanywa. Yaliyobaki aliyatia kwenye chupa ya soda akaiziba kwa kitambaa. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "ficha hii ndani ya kanga yako, unifuate."

Nilijua tunakokwenda kabla hatujafika. Bibi, aliyekuwa hajayagusa maji yale tangu afiwe, alipandisha kanga yake na kuingia ziwani hadi magotini, akashika ubavu wa boti. Nikamwambia, "Bibi, baba alisema hata tone la maji."

"Haya si maji," akajibu. "Haya ni maneno ya Mungu. Yatakaa humo yawalinde. Babu yako alikwenda bila kitu, ndiyo maana hakurudi." Akanipandisha, maana yeye asingeweza kupanda, na mkono wangu ule ule uliokausha tangi ndio uliofungua kifuniko ukamimina chupa nzima. Nilipoteremka alinishika kidevu. "Usimwambie baba yako. Kombe likitangazwa, dua inavunjika. Ikivunjika, mama yako ndiye atakayelipa."

Nilikuwa na miaka kumi. Mtu mzima angeyapima maneno yale. Mimi niliyameza.

Tuliondoka kabla ya jua. Mama alilazwa kwenye godoro katikati ya boti chini ya turubai, mimi nikaketi kichwani pake. Bibi alibaki ufukweni na wadogo zangu, kiganja kikiwa hewani, na sikumwona akikishusha mpaka alipokuwa nukta. Mashine ile ilikuwa na maringo. Mafuta ya taa iliyakubali pale tu ilipokwisha kupata joto, na joto iliipata kwa kunyweshwa kwanza petroli. Nahodha aliitunza petroli hiyo kwenye kopo moja tu, ya kuwashia mara nne. Asubuhi ile alitumia ya kwanza, mashine ikaitika, na tukakata maji kuelekea mashariki.

Asubuhi nzima tulikunywa tangi la zamani. Baba alipiga magoti mbele akilisikiliza lake jipya kwa sikio kana kwamba lina mapigo. Visiwa vilipita upande wa kushoto. Mama alikula kipande kidogo cha muhogo, akatabasamu, na kwa muda nilidhani bibi ndiye aliyekuwa na haki. Kisha mama akanifinya mkono. Akafinya tena baada ya muda, kwa nguvu zaidi. Nilimtazama, akatikisa kichwa. "Umeanza," akasema kwa sauti ya chini. "Usimwambie baba yako bado. Mwache ashike kazi yake." Hivyo nikawa na siri mbili, na sikuwa na mahali pa kuziweka.

Jua lilipokuwa utosini tangi la zamani likaisha. Baba akasema "Bismillahi" akageuza bilula. Mashine ikaendelea. Baba aligeuka akanitazama, uso wake umejaa fahari, na mimi nikatazama kando. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo. Sikufika mbali. Mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Hujawahi kuusikia ukimya wa namna ile. Ghafla tulisikia maji, na tukasikia mama anavyopumua.

Nahodha alifungua kabureta, kile kikombe kidogo kinachopokea mafuta kabla ya kuingia kwenye mashine. Akakipangusa kwa kitambaa, akakifunga, akatia petroli, akazungusha hendeli. Mashine ikawaka, ikanguruma kwa raha muda wa kuoka mkate mdogo, ikafa. Akafungua tena. Safari hii aliinua kitambaa juani. Kilikuwa na madoa ya manjano.

"Bwana fundi," akasema, "tangi lako limeshashika kutu."

Baba alichukua kitambaa. "Bati jipya halishiki kutu kwa siku mbili."

"Basi ni ile asidi yako ya kulehemu. Imeyaozesha mafuta. Haya si mafuta tena."

Nilimwona baba anakipeleka kitambaa puani, anakirudisha, anakunja uso. Alianza kugusa viungio vya tangi kimoja kimoja kwa kidole, kama mtu anayemkagua mtoto aliyeanguka. Mtu aliyejenga jina lake lote juu ya viungio visivyovuja alikuwa anaanza kusadiki kwamba amemuua mkewe kwa mikono yake. Nami nilijua kuwa viungio havina kosa. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nikisema dua itavunjika, na mama alikuwa anadidimiza kucha zake ndani ya kiganja changu.

Wakajaribu tena, kwa petroli ya tatu. Ikawaka, ikafa upesi zaidi. Kwenye kopo ikabaki petroli ya kuwashia mara moja.

Na upepo ukaanza. Kwanza maji yalikunjamana tu, kisha mawimbi yakaja yakiwa na vichwa vyeupe. Lile tangi lililojaa, kule mbele, lilikuwa zito. Boti lilipokuwa linakwenda lilivumilia, lakini lilipokuwa limesimama, pua yake ilizama kila wimbi lilipopita, na maji yakaanza kuingia. Nilikinga turubai kwa mgongo wangu yasimfikie mama. Nahodha alitoa makasia mawili, akaangalia upepo, akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele: "Tulitupe. Boti likiwa jepesi, upepo utatusukuma Nungwe kufikia jioni."

"Nungwe hakuna hospitali," baba akasema.

"Hapa pia hakuna."

"Nikilitupa hilo, namtupa mke wangu."

"Usipolitupa, tunazama wote, na mtoto wako yule." Akanionyesha mimi kwa kidevu. Akapita mbele, akaanza kufungua kamba ya kwanza.

Ikatoka. Akashika ya pili. Baba alikuwa amesimama mikono ikining'inia, na sijawahi tena kuiona mikono ile ikiwa haina kazi. Kamba ya pili ikatoka. Tangi likalalia upande mmoja, likagonga mbao. Mama akaguna, mguno mrefu, na baba hakugeuka kwa sababu hakujua maana yake. Nikajiuliza, dua ikivunjika sasa, itavunja nini ambacho hakijavunjika? Na hapo, rafiki yangu, likanijia neno ambalo bibi mwenyewe alikuwa akiwaambia wanawake waliomwonea haya mkunga: mficha uchi hazai. Alilisema kila wiki. Nahodha alikuwa kwenye kamba ya tatu.

"Baba," nikasema. Nikasema tena. "Baba, mama ana uchungu tangu asubuhi. Na humo tangini mna kombe."

Nahodha aliacha kamba. Baba alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha ya kwao mama.

"Kombe?"

"La bibi. Jana, mlipokuwa msikitini. Nilimimina mimi."

Nilingoja kofi. Hata leo, nikikumbuka, shavu hujitayarisha. Baba alipiga magoti akaleta uso wake karibu na wangu. "Kiasi gani?"

"Chupa ya soda. Yote."

Akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha akasimama, na mikono ikarudi kuwa ya fundi. "Maji hukaa chini, mafuta hukaa juu," akamwambia nahodha. "Ni chupa moja tu, na sehemu tumekwisha kuivuta. Likitulia kidogo nitayatoa kwa chini. Funga hizo kamba. Shika kasia, uelekeze pua kwenye mawimbi, lisiyumbe."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikuambie."

Sikumbuki muda ule kwa dakika. Naukumbuka kwa mgongo wa nahodha ukipinda na kunyooka, jasho likitiririka juu ya lile kovu, akiongea na ziwa kwa Kisukuma. Baba alikuwa amelala kifudifudi chini ya tangi, spana kwenye kiungio cha bomba, hakufungua. Alingoja maji yashuke chini. Mama alikuwa anauma pindo la kanga. Nahodha alimwambia bila kugeuka, "Vumilia, mayu, vumilia," akimwita mama kwa lugha yao, na mama akaitikia kwa kichwa ingawa hakuwa akimwona.

Baba akalegeza kiungio. Nilikinga sufuria yetu ya uji. Likatoka tone, kisha uzi mwembamba, na uzi ule ulikuwa wa manjano. Ulinukia marashi ndani ya harufu ya mafuta. Baba aliutazama bila kupepesa mpaka ukabadilika, ukawa mweupe wa mafuta matupu, akauacha utoke kidogo zaidi, akakaza.

Nahodha alinyoosha mkono ayamwage ziwani. Baba akamzuia. Yalikuwa aya za Mungu, na baba, pamoja na hasira yote aliyokuwa nayo, hakuweza kuyatupa kama maji ya kunawia. Alibaki amechutama na sufuria mikononi, hajui aiweke wapi, wakati kila kitu kilikuwa kinatuharakisha. Mama ndiye aliyemaliza. "Lete," akasema. Akachovya vidole, akapaka tumbo lake pote, mafuta na zafarani na yote, mpaka likang'aa. "Mama mkwe naye amekuja," akasema. "Na aliapa hatapanda chombo." Akacheka, na kicheko kikageuka kikawa mguno.

Nahodha akasafisha kabureta na bomba. Akamimina petroli ya mwisho, akakung'uta kopo mpaka likawa kavu. Alizungusha hendeli, haikuitika. Akazungusha tena. Mara ya tatu ikakohoa, ikanguruma, na baba akaweka kiganja juu ya tangi, hakukiondoa mpaka tulipoona mawe ya Mwanza.

Mdogo wangu alizaliwa usiku huo hospitalini, na mama akaishi. Muuguzi alimwuliza baba kwa nini mgonjwa wake ananuka mafuta ya taa, baba akasema ni habari ndefu.

Tuliporudi, bibi alikuwa mwaloni. Kabla ya salamu, kabla hata ya kumpokea mtoto, aliuliza, "Tangi?" Mimi nilijificha nyuma ya mama. Nilijua baba ana maneno, nilikuwa nimemwona akiyatafuna njia nzima. Alimtazama mama yake, kile kizee chenye kanga iliyolowa magotini kwa mara nyingine, akameza. "Shikamoo, mama," akasema. "Kombe lako limetufikisha." Bibi akaitikia marahaba, akageuka kunitazama kwa jicho la kuniuliza kama nilisema. Nikainama kuokota jiwe.

Juma lile lile baba alilifungua tangi, akatoboa chini kabisa kwenye kona, akalehemu kile kibilula cha shaba. Hakusema cha nini. Nilikijua siku alipoanza kusafiri na boti kama fundi wa mashine. Kila Ijumaa kabla ya safari, bibi alishuka mwaloni na chupa yake. Sasa alijifunza kupanda mwenyewe. Na kila Jumamosi alfajiri baba alikinga sufuria, akafungua bilula, akayatoa yale ya manjano mpaka mafuta yalipotokea, akayamimina ziwani taratibu kwa mikono miwili, akafunga, akaondoka. Miaka. Hakumwambia, hakumkataza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi.

Vyote hivyo havipo. Duka limekuwa stoo ya pamba, kisha banda la mbuzi, kisha sijui nini. Boti lilioza likachomwa kuni. Hakuna anayelehemu mara mbili siku hizi, na mtu akiumwa uchungu Chato hatafuti ziwa. Mdogo wangu mwenyewe ana wajukuu na haamini nikimwambia alipakwa nini kabla ya kuzaliwa. Lakini kilichonikalisha kwenye kigoda cha yule mama wa muhogo si hayo.

Bibi alikufa siku ya Jumatano, nchi kavu, kitandani pake, kama alivyotaka. Ijumaa hakuna aliyeshuka mwaloni. Jumamosi alfajiri nilimpelekea baba uji kwenye boti. Nilimkuta amechutama mahali pake, sufuria imekingwa, bilula limefunguliwa. Yalitoka mafuta meupe tangu tone la kwanza. Baba aliendelea kukinga, anatazama, anangoja rangi ibadilike. Sufuria ikajaa, ikaanza kufurika kwenye mbao za boti. "Fundi," nahodha akasema kwa upole, "mafuta yanamwagika." Baba hakufunga.